Kwa Nini Kundi la Kuku wa Uani Haliongezeki?

Katika vijiji vya Shinyanga na Geita ni nadra kukuta ua usiokuwa na kuku. Kuku, ambaye Wasukuma humwita ngoko, ndiye akiba iliyo karibu kuliko zote: akiuzwa mmoja hupatikana nauli ya kwenda hospitali, au madaftari ya mwanafunzi, au sukari na chumvi ya juma zima. Tena aghalabu kuku ni mali ya mama na watoto, tofauti na ng'ombe, ambao uamuzi wa kuwauza huwa ni wa baba. Hata hivyo liko jambo ambalo watu wengi wameliona tangu utotoni bila kuliuliza. Kundi haliongezeki. Nyumba iliyokuwa na kuku 12 miaka mitano iliyopita ina kuku 12 leo, au 9, ingawa wenyewe hawakuchinja wengi wala hawakuuza wengi.

Na tuifanye hesabu. Tembe wa kienyeji hutaga kwa awamu. Katika awamu moja hutaga mayai yapatayo 12 hadi 15, kisha huatamia kwa siku 21, kisha hulea vifaranga wake kwa miezi miwili au zaidi kabla ya kuanza tena. Kwa mwaka, basi, hupata awamu 3, au 4 akibahatika. Tukisema kwamba kila awamu huangua vifaranga 10, tembe huyo atakuwa ametoa vifaranga 30 kwa mwaka mmoja, na matembe wanne wa nyumba ile watakuwa wametoa 120. Hakuna mnyama mwingine wa kufugwa kijijini azaaye kwa wingi namna hiyo. Wako wapi basi hao 120?

Ukiwauliza wenyeji, wengi hujibu kwa neno moja: mwewe. Mwewe ana lake, wala makala haya hayakusudii kumtetea. Kicheche na paka nao wana lao. Lakini mwewe huonekana, na akitwaa kifaranga watu hupiga kelele. Wapo wauaji wawili wasioonekana ambao huchukua wengi kuliko yeye. Wa kwanza ni njaa ya majuma ya mwanzo, ambayo haionekani kwa sababu kifaranga hufa akiwa ameshiba. Wa pili ni mdondo. Na katika ukanda wa machimbo ya dhahabu, kuanzia Kakola hadi Rwamagasa na Nyarugusu, liko jambo la tatu ambalo huenda lisipunguze kundi hata kidogo, bali linawahusu wale wanaokula mayai na nyama yake. Tutaliangalia mwishoni.

Njaa ya aliyeshiba

Kuku anayezurura hula nini hasa? Swali hili lina jibu ambalo darasa lolote la biolojia laweza kulipata bila maabara. Kuku anapochinjwa jioni, baada ya kuzurura mchana kutwa, lipasuliwe gole lake, yaani ule mfuko ulio chini ya shingo ambamo chakula hukaa kabla ya kusagwa. Vilivyomo vitengwe katika mafungu: nafaka na pumba, majani, wadudu na minyoo, makombo ya jikoni, na vitu visivyotambulikana, kisha kila fungu lipimwe kwa mizani. Zoezi likirudiwa mwezi wa Juni, mwezi wa Septemba na mwezi wa Januari, wanafunzi wataona kwa macho yao jinsi mwaka wa kuku unavyokwenda. Baada ya mavuno gole hujaa mtama, mpunga na mahindi. Wakati wa mvua nafaka hupungua, lakini majani mabichi na wadudu huongezeka. Katika kiangazi kikali, tangu Agosti hadi mvua za kwanza, vyote viwili huadimika, na kuku hurudi bandani na gole lililolegea.

Maana yake ni kwamba ua una kiasi chake cha chakula, kama vile malisho yalivyo na kiasi chake cha ng'ombe. Kundi likizidi kiasi hicho, kila kuku hupata pungufu, matembe huacha kutaga, na walio wadogo huanza kufa. Kwa hiyo ni kosa kufuga majogoo sita kwa matembe wanane. Jogoo mmoja huwatosha matembe kumi. Wanaobaki hula chakula cha vifaranga. Wauzwe mwezi wa Julai, wakiwa wanono, kabla kiangazi hakijawakondesha.

Shida ya kifaranga, hata hivyo, si uchache wa chakula tu. Ni aina yake. Katika majuma manane ya kwanza mwili wake unajenga misuli, damu na manyoya, na vyote hivyo hujengwa kwa protini. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba chakula cha kifaranga yapasa kiwe na protini sehemu 20 hivi katika kila sehemu 100. Mahindi yana sehemu 8 au 9, na pumba za mahindi zina sehemu 10 hivi. Mama mwenye huruma huwamwagia vifaranga konzi ya pumba asubuhi, nao hula mpaka magole yakavimba. Hapana ajuaye kwamba nusu ya kinachohitajika hakimo. Kifaranga wa namna hiyo hachangamki, manyoya yake hayajai, hupigwa na baridi ya alfajiri, na siku moja hukutwa amelala. Husemwa kuwa ni baridi iliyomwua.

Dawa ya tatizo hili iko ziwani. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria wana protini inayozidi nusu ya uzito wao. Tuchukue 55 katika 100. Tukichanganya kwa uzito vipimo 3 vya pumba zenye 10 na kipimo 1 cha dagaa waliotwangwa, tunapata (10 + 10 + 10 + 55) tukigawanya kwa 4, yaani kama 21. Hesabu hii ya darasa la sita inatosha kukuza kifaranga. Gharama yake si ya kutisha: kifaranga wa kienyeji hali zaidi ya nusu kilo hivi katika majuma manne ya mwanzo, kwa hiyo vifaranga 10 huhitaji kilo 5 za mchanganyiko, na ndani yake dagaa ni kilo moja na robo tu. Wala si lazima wawe dagaa wa kitoweo. Vipande vinavyobaki chini ya gunia sokoni huuzwa kwa bei ndogo. Ila dagaa wengi huanikwa mchangani, na mchanga nao una uzito. Weka kiganja kimoja katika glasi ya maji na ukoroge: mchanga utashuka chini, nawe utajua unanunua nini.

Asiyeweza kununua dagaa atumie mchwa. Chukua chungu kikuukuu, kijaze mabua yaliyokatwakatwa na mavi makavu ya ng'ombe, kinyunyizie maji, kisha kifunikize juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi kitakuwa kimejaa. Wazee wa Usukuma wamejua mbinu hii tangu zamani, na sioni sababu ya kijana aliyesoma kuionea haya. Tenga nalo lina kazi mbili: likiinamishwa juu ya chakula, likiwa na matundu ya kupitisha vifaranga na kuwazuia wakubwa, wadogo hula kwa amani bila kunyang'anywa, na mwewe hawafikii. Fedha kidogo iliyopo iende chini ya tenga hilo. Kumlisha kuku mkubwa chakula cha kununua, hali ua una cha kumtosha, ni kupoteza.

Hapa lazima tuzungumzie mashudu, kwa kuwa Shinyanga ni nchi ya pamba. Mashudu ya alizeti ni mazuri kwa kuku, ijapokuwa yana makapi mengi. Mashudu ya pamba yana protini nyingi zaidi, nayo hupatikana kwa urahisi karibu na viwanda vya kukamua mafuta, hivyo mtu huona ajabu akiambiwa ajihadhari nayo. Sababu ni kemikali iitwayo gosipoli, iliyo katika vitone vyeusi unavyoviona ukikata mbegu ya pamba kwa wembe. Mmea huitengeneza kwa kujilinda na wadudu. Ng'ombe mkubwa huivumilia, kwa sababu sehemu kubwa yake hufungwa tumboni mwake na kukosa nguvu. Kuku hana tumbo la namna hiyo. Ndani ya mwili wa kuku gosipoli hushikamana na madini ya chuma, hupunguza ukuaji, na katika tembe anayetaga hufika hata kwenye kiini cha yai. Yai likikaa siku nyingi, kiini chake hugeuka rangi na kuwa cha kijani kibichi kilichochafuka. Mafuta yaliyobaki katika mashudu hayo yana asidi nyingine ambazo huufanya ute mweupe uwe wa waridi. Mwenye kuona mayai ya namna hiyo asikimbilie kwa mganga, bali aulize kwanza tembe huyo alilishwa nini.

Hatari nyingine hutoka ghalani kwetu. Mahindi au karanga zikiota ukungu, watu husema, “Wape kuku.” Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza katika muda wa miezi michache, na uchunguzi ukafuatilia mpaka kwenye unga wa karanga uliotoka Brazili. Humo ndimo ilimogunduliwa sumu ya ukungu ambayo leo tunaiita sumukuvu. Sisi wenyewe tuliijua kwa uchungu mwaka 2016, ilipoua watu mikoani Dodoma na Manyara. Kuku anayekula sumukuvu kidogo kidogo hafi mara moja. Ini lake huharibika na kinga ya mwili wake hudhoofika, na hata akichanjwa, chanjo haimshiki ipasavyo.

Mdondo

Ugonjwa huu, ambao mahali pengine huitwa kideri, ulizuka mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza, na ndiyo sababu vitabuni hujulikana kama ugonjwa wa Newcastle. Kuku husinzia, hupumua kwa shida mdomo ukiwa wazi, huhara kijani, mabawa hulegea, na wengine hupinda shingo mpaka kichwa kikageuka nyuma. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu wote kwa juma moja. Hauchagui. Kuchi mrefu mwenye kifua kama mpiganaji, kishingo asiye na manyoya shingoni, njachama mwenye manyoya yaliyojipinda, wote hufa. Bata huambukizwa bila kuugua sana, na hivyo hueneza.

Wengi huamini kwamba mdondo huletwa na upepo wa kiangazi. Wameona sawasawa wakati, ila wamekosea mchukuzi. Kiangazi ni majira ya kuuza, ya harusi, na ya kutembeleana kwa kupelekeana kuku. Kirusi cha ugonjwa huu hukaa mwilini kwa siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6, kabla dalili hazijatokea; kwa hiyo kuku aliyenunuliwa gulioni akiwa mzima kabisa aweza kuwa tayari amebeba mauti ya ua mzima. Tena mtu akiona kuku wake wawili wamekufa, hukimbilia kuwauza waliosalia kabla hawajafa. Huwezi kumlaumu sana, kwa maana hiyo ndiyo akiba yake. Lakini kwa tendo hilo ugonjwa husafiri mbali kuliko upepo uwezavyo. Miji ya machimbo huongeza kasi ya jambo hili. Katoro, Nyarugusu au Kakola ina walaji wengi wenye fedha mkononi, na kila siku matenga ya kuku hufika kwa baiskeli na pikipiki kutoka vijiji vingi. Kuku hukutanishwa mahali pamoja, hunyeana, na wale wasionunuliwa hurudishwa vijijini jioni pamoja na tenga lisilooshwa.

Ili kuelewa kinga yake, yafaa tuingie kidogo ndani ya kirusi chenyewe. Juu ya ngozi yake kirusi cha mdondo kina protini ambayo kazi yake ni kukiunganisha na seli ya kuku. Protini hiyo huundwa ikiwa imefungwa, wala haiwezi kufanya kazi mpaka ikatwe mahali pamoja maalumu na kimeng'enya cha kuku mwenyewe. Katika virusi vipole, mahali hapo pa kukatwa panakubali vimeng'enya vilivyo katika njia ya hewa na utumbo tu, hivyo kirusi huishia hapo. Katika virusi vikali panakubali vimeng'enya vilivyo karibu katika kila seli, na kirusi huenea hadi ini na ubongo. Ndipo shingo inapopinda. Tofauti ya vipole na vikali iko katika asidi-amino chache tu za mahali hapo. Lakini kwa sura ya nje vinafanana vya kutosha kwa mwili wa kuku kutumia kile kipole kama somo la kumtambua yule mkali. Hilo ndilo chimbuko la chanjo hai.

Chanjo hai za mdondo zimekuwapo tangu miaka ya 1940. Moja iliyo maarufu ni LaSota, iliyotokana na kirusi kilichopatikana katika shamba moja la Marekani, nayo inatumika hadi leo. Ila chanjo ya namna hiyo hutaka kuwekwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu inapotengenezwa hadi saa ya kutumika. Kwa kijiji kilicho mbali na jokofu hilo ni sharti gumu. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakisaidiwa na ACIAR, shirika la nchi hiyo la utafiti wa kilimo wa kimataifa, walitafuta kirusi kipole ambacho pia huvumilia joto. Walichokichagua kilipewa jina la I-2, na mbegu yake ikatolewa bure kwa nchi zinazoendelea. Tanzania ilianza kuitengeneza katika maabara ya mifugo ya Temeke, na kutoka hapo ikapata jina la TEMEVAC; sasa hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Kati ya mwaka 2002 na 2005 Tanzania, Malawi na Msumbiji zilishirikiana katika mradi wa kuieneza vijijini. Kuvumilia joto hakuna maana ya kuvumilia jua: chupa ifungwe katika kitambaa kibichi, ichukuliwe kivulini, na nyumbani ikae penye ubaridi, kama ndani ya mchanga mbichi chini ya mtungi. Muda wa kuitumia ni ule ulioandikwa na mtengenezaji.

Chanjo hii hutolewa kwa tone moja katika jicho moja. Watu huuliza kwa nini jichoni, na wengine hudhani ni dawa ya macho. Nyuma ya jicho la ndege iko tezi iitwayo tezi ya Harder, ambayo ni kituo cha askari wa kinga. Na kutoka jichoni tone hushuka puani na kooni, mahali hasa ambapo mdondo wa kweli huingilia. Mwalimu wa biolojia aweza kuongeza hapa kwamba zile chembe B za kinga, ambazo wanafunzi husoma kuhusu binadamu, zilipata herufi yao kwa kuku. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake, huko Ohio, walionyesha kwamba kuku aliyeondolewa kifuko cha Fabricius kilicho karibu na mkundu hawezi kutengeneza vizuri viuavijasumu vya mwili wake. Jina la kifuko hicho kwa Kilatini huanza na B.

Tone ni lile lile kwa kifaranga na kwa jogoo. Wachanjwe wazima tu, wote kwa siku moja, na warudiwe kila baada ya miezi 3 au 4. Kwa nchi ya Shinyanga na Geita yafaa mzunguko mmoja uangukie Julai, kabla ya hatari kuanza. Kinga hukomaa baada ya juma moja hadi mawili, kwa hiyo kuchanja kundi ambalo ugonjwa umekwisha kuliingia ni kuchelewa, na kuku watakaokufa watahesabiwa kuwa wameuawa na chanjo. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, majirani wachange. Kuchanga huko si kwa ajili ya bei tu. Ua mmoja uliochanjwa katikati ya kumi yasiyochanjwa utaendelea kupokea vifaranga wapya wasio na kinga na ugonjwa usiokoma.

Vipi kuhusu shubiri, pilipili na mwarobaini? Watu wema hushuhudia kwamba kuku wao walipewa maji ya shubiri wakapona. Mimi siwakatai kwamba walipona. Katika mlipuko wowote wapo wanaosalimika kwa nguvu zao wenyewe, na aliyesalimika baada ya kupewa shubiri husifiwa kwa shubiri, na wale 15 waliokufa baada ya kupewa hiyo hiyo hawana wa kuwasemea. Ili kujua, lazima kundi moja lipewe na jingine linalofanana nalo lisipewe, kisha wahesabiwe. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitika kutibu mdondo. Vilevile vidonge na unga wa tetrasaiklini huua bakteria, havigusi kirusi. Kumpa kuku mwenye mdondo ni kutupa fedha, na mabaki ya dawa huingia katika mayai. Aliyekufa azikwe kwa kina au achomwe moto, manyoya na matumbo yasitupwe jalalani.

Magonjwa mengine nitayapita haraka. Ndui ya kuku ina chanjo yake, huchomwa kwenye ngozi ya bawa. Kuhara damu kwa vifaranga hutokana na banda chafu lenye unyevunyevu, na hutibika. Viroboto na utitiri hupunguzwa kwa kufagia banda na kumwaga majivu mahali kuku wanapooga vumbi. Kuku akifa bila sababu kujulikana, mzoga mpya uliowekwa katika barafu waweza kupelekwa kwa Afisa Mifugo au maabara ya TVLA iliyoko Mwanza.

Kuku wa machimboni

Sasa lile jambo la tatu. Kuku hana meno. Husaga chakula kwa firigisi, nayo firigisi huhitaji mawe. Kila siku kuku huokota chembe ngumu zenye ncha, na hupenda zinazong'aa. Katika kitongoji cha wachimbaji wadogo, chembe kama hizo zilizo tele kuliko zote ni mwamba uliosagwa na karasha, na marudio yaliyolundikwa nje ya mwalo. Hivyo kuku wa huko hubeba firigisini mwake kipande cha mgodi, na asidi ya tumbo lake hukiyeyusha pole pole. Zaidi ya hayo, humeza udongo mwingi kwa kudonoa chini.

Udongo huo una nini? Kwanza zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga mzito ili ishike dhahabu, kisha huchoma. Na kwa kawaida kila gramu 1 ya dhahabu huhitaji gramu 1 ya zebaki au zaidi. Mvuke wake huingia mapafuni mwa aliye karibu, kisha hutua juu ya udongo, paa na mboga. Rwamagasa ilichunguzwa kwa ajili hiyo katika mradi wa dunia wa zebaki uliosimamiwa na UNIDO katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo una jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 ulitambuliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki. Paka wa mji huo walikuwa wametangulia kufa. Kwa kuwa zebaki hugeuka kuwa hatari zaidi kwa chakula inapokaa katika matope yenye maji, ninamhofia bata anayechokonoa bwawa la mwalo kuliko kuku anayeparua uwanja mkavu. Zebaki ya aina hiyo hukaa zaidi katika ute mweupe wa yai.

Pili ni risasi, ambayo huelekea kiini. Si kila mwamba wa dhahabu una risasi nyingi. Lakini mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, mwamba uliosagwa nyumbani ulikuwa nayo kwa wingi, na watoto zaidi ya 400 walikufa. Mwamba wa Geita si wa Zamfara, wala hauwezi kujulikana kwa kuutazama, hupimwa. Aseniki nayo imeonekana kuzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita, katika maji ya baadhi ya visima vya ukanda huu. Na kwenye matangi ya sayanaidi ya kuchenjulia marudio, ndege anayekunywa hufa papo hapo. Vifo vya ghafla vya kuku walio karibu na tangi, bila kusinzia wala kuhara, visiitwe mdondo, na mizoga hiyo isiliwe na mtu wala mbwa.

Anayefuga mahali hapo afanye nini? Dhahabu isichomwe uani wala jikoni. Ichomewe mbali, katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki. Karasha na mwalo vitengwe na makazi. Banda lizungushiwe uzio upande usioelekea marudio, kuku wawekewe udongo safi wa kuogea, na chakula kiwekwe katika chombo badala ya kumwagwa chini. Wapewe mawe safi ya firigisi kutoka mtoni, juu ya machimbo.

Tena wapewe kalsiamu. Ganda la yai moja kubwa lina kalsiamu gramu 2 hivi, na tembe asiyeipata katika chakula huichukua katika mifupa yake mwenyewe. Utumbo wa tembe mwenye upungufu huo hufungua milango ya kuipokea kalsiamu, na kwa milango hiyo hiyo risasi hupita, maana mwili hauzitofautishi vema. Makombe ya konokono wa ziwani, au maganda ya mayai yaliyokaangwa kidogo na kutwangwa, yakiwekwa katika kigae pembeni mwa banda, tembe atajitwalia mwenyewe kiasi anachohitaji: yai litakuwa na ganda gumu, na risasi iliyomo udongoni itapata nafasi ndogo zaidi ya kuingia.